Kigari cha mtoto cha tairi tatu: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Njia ya kutoka kwetu Nkuhungu hadi kliniki ina vipande vitatu. Unaanza na mchanga uliolegea, unakuja kokoto, halafu ndiyo unaikuta lami. Kigari changu cha kwanza kilikuwa na vigurudumu vidogo vya plastiki, viwili viwili kila mguu. Kwenye lami kiliteleza vizuri sana. Kwenye mchanga vile vya mbele vilizama, vikageuka upande, kigari kikapiga magoti na mwanangu akabaki ananing'inia kwenye mkanda. Nikamfunga mgongoni kwa kanga, kigari nikakiburuta kinyumenyume mpaka kliniki.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue kigari gani, namuuliza kwanza anapita wapi. Rangi, kikapu, mahali pa kuweka chupa, hayo baadaye. Hapa Dodoma, na sehemu nyingi za nchi hii, barabara ya mtaani ni mchanga, mawe na mitaro, na kwa njia hizo sijaona kinachoshinda kigari cha tairi tatu. Ila tairi tatu zenyewe si za aina moja, na ndiyo maana naandika.

Kwanza kwa nini tatu. Aliyepikia mafiga anajua: mafiga matatu yanakaa popote, hata uwanja ukiwa na mabonde chungu hakichezi. Weka la nne, moja litabaki hewani. Kigari nacho hivyo hivyo, kila gurudumu linagusa chini muda wote. Na ukifika kwenye ukingo wa barabara, unakandamiza mpini kidogo, gurudumu moja la mbele linanyanyuka, unapanda. Hasara yake kila aliyepanda bajaji anaifahamu: ukikata kona kwa kasi au ukishuka ukingo kwa mshazari, kinaelemea upande. Shuka ukiwa umenyooka, na usitundike mifuko ya sokoni kwenye mpini. Mtoto akitolewa tu, mifuko inakivuta nyuma, kigari kinapinduka. Akiwa bado ndani, hilo silitaki hata kulifikiria.

Vigari hivi vina asili ya mbio. Mwaka 1984, huko Yakima, jimbo la Washington nchini Marekani, mwandishi wa habari Phil Baechler alitaka kukimbia na mwanawe, akafunga magurudumu ya baiskeli kwenye kigari cha mtoto. Hapo ndipo kampuni ya Baby Jogger ilipozaliwa. Kwetu faida yake ni hii: vigari vingi vizuri vya aina hii bado vinatumia tairi na tyubu za saizi ya baiskeli za watoto. Maana yake fundi baiskeli wa mtaani kwako anaweza kukitengeneza.

Nafasi ya kwanza: tairi za upepo za inchi 12, gurudumu la mbele la kuzunguka na kufungika

Hiki ndicho nilichonacho na ndicho ningenunua tena. Tafuta majina kama Nipper ya Out 'n' About, ya Uingereza, au Mountain Buggy, ya New Zealand. Vyote viwili vinaonekana kwenye mtumba, na Nipper ya mtoto mmoja ina uzito wa kilo 10 hivi. Tairi pana ya upepo haizami kwenye mchanga kama plastiki, na inameza mtikisiko wa kokoto kabla haujafika kwenye shingo ya mtoto. Gurudumu la mbele likiachwa lizunguke, unakata kona dukani kwa mkono mmoja. Ukiingia kwenye mchanga, unalifunga linyooke. Ukisahau kulifunga litageuka upande na kukwama, kwa hiyo jizoeze kulifunga kabla hujaingia, si ukiwa katikati.

Tatizo ni pancha, na Dodoma tuna mbigili. Wiki ya pili tu tairi ya nyuma ililala. Fundi aliing'oa kwa mishikio miwili ya vijiko, akatoa tyubu, akaitia upepo na kuizamisha kwenye karai la maji. Mapovu yakatoka sehemu tatu. Kabla ya kupaka solusheni alipitisha kidole taratibu ndani ya tairi, akachomoa mbigili moja baada ya nyingine, zilikuwa nne. Hatua hiyo mafundi wengine wanairuka. Ukibandika viraka ukaiacha miiba humo humo, kesho unarudi kwa fundi.

Tyubu ya kubadilisha mara nyingi ni ya inchi 12 1/2 kwa 2 1/4, ileile ya baiskeli ndogo ya mtoto, lakini angalia valvu. Vigari vingi vya Ulaya vina valvu nene kama ya pikipiki, si ile nyembamba ya baiskeli zetu, na baadhi ya rimu ndogo zinahitaji valvu iliyopinda ili pampu iingie. Nenda na tyubu ya zamani mkononi. Upepo jaza kwa pampu ya mkono, ukifuata namba ya PSI (kipimo cha upepo) iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Mashine ya kujazia magari itaipasua hiyo tairi kabla hujasema basi.

Nafasi ya pili: tairi za mpira zisizojazwa upepo

Kama mtaa wako una lami au pevingi, na sehemu kubwa ya safari zako ni bajaji na maduka, badilisha: hiki kiwe cha kwanza. Baby Jogger City Mini GT ndiyo inayojulikana zaidi. Tairi zake ni mpira wenye povu ndani, mbigili haziziwezi. Nacho ni kilo 10 na ushei, ila kinachonivutia ni kukunja. Kuna mkanda katikati ya kiti, unauvuta juu kwa mkono mmoja, kigari chote kinajikunja. Mama aliyebeba mtoto mkono wa pili huku dereva wa bajaji anasubiri ataelewa thamani ya jambo hilo. Kwenye mchanga mzito kinasukumika, ila kwa jasho. Magurudumu yake ni madogo kuliko ya inchi 12, na povu halikubali kulegezwa kama upepo.

Nafasi ya tatu: vya kukimbilia, gurudumu la nyuma inchi 16

Thule Urban Glide, ya Sweden, na BOB, ya Marekani, ndiyo majina makubwa. Kama kweli unakimbia asubuhi, nunua hiki, usijaribu kukimbia na vingine. Kina breki ya mkononi katika baadhi ya matoleo, kamba ya kuvaa kiganjani, na shokapu nyuma. Thule Urban Glide 2 ina kilo 11 na nusu. Lakini hata kikikunjwa ni mzigo mkubwa. Nyuma ya kiti cha bajaji hakiingii bila kung'oa magurudumu, na kwenye daladala usithubutu. Kwa mama wa kliniki na sokoni ni kikubwa kupita kiasi.

Hapa kuna jambo la usalama. Mwaka 2018 tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilifungua shauri juu ya vigari vya BOB vilivyotengenezwa hadi Septemba 2015, ikisema gurudumu la mbele linalofungwa kwa kishikio cha kubana linaweza kuchomoka lisipokazwa sawasawa. Shauri likaisha kwa makubaliano mwaka huohuo. Vigari vya umri huo ndivyo hasa vinavyotufikia kwa mtumba. Ukikutana na kishikio cha namna hiyo, kwenye jina lolote, nyanyua mbele ya kigari, vuta gurudumu kwa nguvu zote chini na pembeni. Likicheza, usikinunue.

Nafasi ya nne: kibaiskeli cha miguu mitatu chenye mpini wa kusukuma

Vimejaa madukani, vipya, vya rangi kali, na bei yake inavutia. Kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja na anayekaa imara mwenyewe, ni mchezo mzuri wa jioni uani au kwenye barabara iliyotulia. Kigari, hapana. Vingi havilazi mgongo, kwa hiyo mtoto akisinzia kichwa kinaanguka mbele, na gurudumu la plastiki ngumu linapeleka kila jiwe moja kwa moja kwenye uti wake.

Mwisho: tairi tatu ndogo za plastiki ngumu

Hivi viache kwa watu wa viwanja vya ndege na sakafu za marumaru. Jina ni tairi tatu, kazi ni ileile ya kigari changu cha kwanza.

Umri wa mtoto

Mtoto mchanga lazima alale chali, mgongo ukiwa umenyooka. Vigari vingi vya tairi tatu vina kiti cha kuegemea tu, hakifiki chini kabisa. Uliza kama kiti kinalala bapa, au kama kuna kitanda chake cha kupachika. Kama hakuna, mbebe kwa mbeleko mpaka afikishe miezi 6 hivi na shingo iwe imara. Mama mkwe wangu alinisisitizia mbeleko na alikuwa sahihi kwa miezi hiyo. Kukimbia naye pia kusubiri miezi 6, na mwulize mhudumu wa kliniki kwanza.

Na tafadhali sana, tusifunike kigari chote kwa kanga. Najua tunafanya hivyo kwa upendo, kumkinga na jua na vumbi. Lakini kitambaa kikifunika mbele hewa haipiti, na joto ndani linapanda haraka kuliko nje. Chagua kigari chenye paa refu linaloshuka hadi karibu na magoti, na kidirisha juu cha kumchungulia.

Ukienda kukikagua

Kipya cha aina mbili za mwanzo ni ghali, wengi wetu tutanunua mtumba, na mtumba mzuri ni bora kuliko kipya kibovu. Tafuta lebo ya kiwango cha usalama: cha Ulaya kiwe na EN 1888, cha Marekani ASTM F833. Mkanda uwe wa pointi tano, yaani mabegani, kiunoni na katikati ya miguu, na kila kifungo kilie "ta" kinapoingia. Kunja na kunjua mara tatu. Kufuli la fremu lazima lijifunge lenyewe kila mara, maana likiachia njiani mtoto anabanwa. Tazama ubavu wa tairi: mpira uliokaa juani miaka mingi una nyufa ndogondogo kama ardhi ya kiangazi, na tairi mpya itaongeza gharama. Zungusha kila gurudumu ukiweka sikio karibu. Beringi ikisaga, shusha bei.

Kisha mzigo. Mimi nilikwenda na kiroba cha unga cha kilo 10, nikakiweka kwenye kiti na kukifunga mkanda kama mtoto. Funga gurudumu la mbele, fuata mstari wa vigae au ukingo wa barabara, sukuma kidogo na uachie hatua chache. Kikivuta upande mmoja, gurudumu limepinda au linahitaji kurekebishwa, na baadhi ya vigari vina kitasa cha kurekebishia hapo mbele. Mwisho tafuta mteremko, bana breki ya mguu, ondoa mikono. Hiki ndicho kipimo ninachokithamini kuliko vyote. Upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba unasukuma kigari kilichoachwa bila breki hadi barabarani, nimeona kwa macho yangu nje ya duka, kwa bahati kilikuwa kitupu. Breki iteleze hata kidogo na unga ule, sikichukui kwa bei yoyote, na muuzaji anayekataa kiroba changu kwenye kiti chake namuaga palepale.