Sanduku ya vipande vya zamani vya slotikari, na muzee wa bobinaje (kuzungusha waya mupya mu motere zimeungua) kule Kadutu, hapa Bukavu

Nianze na pointi: sanduku ninaipatia 3 kwa 5, muzee wa bobinaje ninamupatia 5 kwa 5. Sasa nieleze.

Kwa wale habajui slotikari, ni gari ndogo ya umeme yenye kukimbia mu mufereji. Chini ya pua yake kuko kiongozi, kijiti kinaingia mu mufereji wa barabara, na kila upande wa mufereji kuko waya ya shaba, gari inapanguza zile waya mbili na vitambaa vyake vya shaba njo inapata umeme, na weye uko umeshika kifinyio mukononi, ukifinya kidogo inatembea, ukifinya sana inakimbia, ukizidisha mu kona inaruka inje. Kule Uingereza Fred Francis alitoa Scalextric mu 1957, gari za bati, kisha miaka ya 60 Bamarekani bakaingia mu hii mambo na moyo wote, bakafungua manyumba ya kushindania, barabara ya mistari 8, unalipa saa yako unacheza. Mwisho wa ile miaka, zile nyumba mingi zikafunga, vipande vikabakia mu masanduku na magaraji ya batu, na njo hivyo tunatafuta leo.

Mimi nilitaka gari moja tu: Lola T70, ile ya wazi bila paa, sawa ile dereva Mwingereza John Surtees alishinda nayo Can-Am ya kwanza, mashindano ya magari ya Kanada na Amerika, mu 1966. Kipimo 1 kwa 24, maana yake gari ya kweli igawanywe na 24. Na nilitaka ijengwe sawa vile mutu wa 1966 angeijenga mu chumba chake, na vipande vya wakati ule. Gari ya kisasa nilisha jenga mingi, zinakimbia, zinashikilia barabara, lakini hazinigusi roho. Ile ya zamani unaisikia. Motere inalia ingine namna, mukia unacheza mu kona, unajifunza kuendesha.

Kuzini yangu wa Bruxelles njo alininunulia sanduku kwa muuzaji mumoja wa vitu vya zamani, sitataja jina. Dola 85, na dola 35 ya kuleta. Ikakuja na musafiri mpaka Kigali, kisha na basi mpaka Kamembe, nikaenda mimi mwenyewe kuichukua ku Ruzizi. Ndani: motere mbili za Mabuchi ya Japani, FT36D moja na FT16D moja, mirija ya shaba ya manjano, fimbo ndogo za chuma kigumu, ekse mbili za milimita 3.2, mateke (jante) mane ya manyezi, chuma chepesi sana, pinyo tatu (gia ndogo ya motere), kurone moja (gia kubwa ya ekse ya nyuma), kiongozi, mipira mine, na bodi ya plastiki yenye kuonekana ndani. Muuzaji aliandika kwamba kila kitu kinafanya kazi.

Ile ya kwanza FT36D ilizunguka mara moja. Lakini FT16D, na njo hiyo nilikuwa nataka, hapana hata kidogo. FT36D ni kubwa, inalazimisha gari kuwa ya juu, FT16D ni ndogo na inakuachia ujenge shasi ya chini kabisa, juu ya hiyo batu baliipenda sana. Nikafungua vile vikucha vya bati yake pole pole na ncha ya kisu, nikatoa roho ya motere, ile inazunguka ndani na iko na mikono tatu ya kuzungushia waya, na nikaona: waya wa mukono mumoja ulikuwa umeungua, mweusi sawa makaa, verni yote imekwisha. Ile haiwezi kuungua ndani ya avion. Iliungua zamani, mutu alijua ao hakupima, vyote viwili ni vibaya. Nilimuandikia, akanyamaza. Njo pointi mbili zilianguka pale.

Sasa muzee.

Iko na meza yake kule Kadutu, si mbali na soko, anabobina motere za moulin, pompe za maji, ventilateri, meche za kutoboa. Motere ya kwanza niliona pale ilikuwa kubwa kuliko kichwa ya mutu. Nikatoa yangu mu kakartoni ka kiberiti, nikaogopa kuiweka ku meza yake.

"Muzee, shikamoo. Niko na kamotere kadogo kaliungua."

Akavaa malineti, akaigeuza mara mbili mu vidole. "Mwanangu, mikono tatu ni mikono tatu. Kubwa ao ndogo ni kazi ileile. Iache, urudi kesho."

"Muzee, ninaogopa itapotea."

"Hapa hakupoteake kitu. Lakini kama roho yako haitulii, vuta kiti."

Nikavuta kiti, na nashukuru Mungu nilikaa. Hakuanza na mukono uliungua, alianza na moja ya ile mizuri, akafungua waya wake raundi moja moja akihesabu, akaandika ku kartoni: 65. Kisha akapima unene wa waya na kipimo chake cha chuma, karibu milimita 0.25, akaingia mu sanduku ya waya zake, akatoa rolo ingine, akaivuta katikati ya kidole na kidole gumba, akasema hii. Tukapima: 0.25. Akatoa waya yote ya zamani, ya mikono yote tatu, nikamuuliza juu ya nini asibobine tu ule uliungua, akasema waya mupya na waya wa zamani mu roho moja havina uzito mumoja, motere itatetemeka na itakula bushingi. Akabobina mukono wa kwanza raundi 65, wa pili 65, wa tatu 65, akihesabu na sauti, na pale katikati ya wa pili mama mumoja alikuja na motere ya pompe, akasalimia, muzee hakujibu mpaka alifika 65, akafunga waya, njo akainua kichwa: "Karibu mama, bisamee, nilikuwa mu hesabu."

Ile raundi 65 sawasawa njo siri yote. Mikono ya motere ikikosa kufanana, moja inavuta sana ingine kidogo, na kwa 12 volti motere ndogo sawa hii inazunguka maelfu ya mara kwa dakika moja, kosa dogo linakuwa kubwa. Alipomaliza alikwangua verni ku ncha za waya na wembe, akapiga sudire ku vipande tatu vya komutateri, pale umeme unaingilia, tukapima na multimetre kila mbili mbili, karibu nusu ohm pande zote tatu. Akaipaka verni, akaikausha pembeni ya babula, si juu ya moto, pembeni, akiigeuza. Kisha akafanya kitu sikuwa najua: akachomeka nyembe mbili zimesimama mu kipande cha mubao, akalaza ekse ya motere juu ya makali yake. Upande muzito ulishuka chini wenyewe. Akapiga lime mara tatu, akarudisha, ukashuka tena, mara mbili, akarudisha, ikabaki vile aliiweka. Franka 20.000. Nikamupatia 25.000, akakataa ile 5.000, tukanunua nayo chai.

Kwa hiyo kama uko na motere ya zamani yenye imekufa, mbele uagize ingine ya dola 50 kutoka Ulaya, uliza kwanza bafundi ba bobinaje ba kwetu. Nenda asubuhi, juu saa ya mchana batu ba moulin banaleta motere zao na ile kazi ya batu kula haingoje. Beba sharbo zako, yale makaa madogo ya motere, juu ya kipimo kile hatakuwa nazo.

Turudi ku sanduku.

Mirija na fimbo ni za muzuri kabisa, bila lawama. Lola ya kweli, toka ekse ya mbele mpaka ya nyuma ni metre 2.41, ukagawa na 24 unapata karibu sentimetre 10, nikachora ku mubao, nikapiga misumari kushikilia ekse mbili, nikajenga shasi juu yake. Hapa ninataka kusema kitu kimoja na nguvu: kama gari ni ya 1966, motere ilale mu urefu wa gari na kurone, ao ilale kabisa kando na ekse ya nyuma. Kuiweka mushazari ilikuja kiisha, mwisho wa miaka ya 60, na naonaka batu banajenga gari ya 1965 na motere ya mushazari na banasema ni ya zamani kabisa. Inakimbia zaidi, ndiyo. Lakini si ya ule mwaka. Mimi niliweka mu urefu, pinyo ya meno 10, kurone ya meno 32.

Ku sudire mukuwe na angalisho. Chuma kigumu hakikamati sudire na ile dawa ya redio, inataka dawa ya asidi, lakini asidi ikibakia inakula chuma, kwa siku tatu utaona kutu. Nilisugua shasi na muswaki, maji ya moto na sabuni ya mawe, mara mbili, nikaikausha ku jua. Na asidi usiipeleke kamwe karibu na waya ya motere. Feri ya sudire ikuwe ya nguvu, ile ya wati 30 ya kutengenezea telefone haitoshi, shaba inakunywa moto yote na sudire inabakia ku juu sawa ugali imekauka, ukiivuta inatoka.

Mipira ni bure. Sisemi ilikuwa mibaya siku ilitengenezwa, ninasema kauchu iko na miaka yake, na hii ilisha kuwa ngumu sawa kwato. Nyuma ilivunjika mukononi nikiipanulia teke. Mipira ya mbele nimeitumia juu mbele haifanye kazi kubwa, lakini nyuma nilikata pete ku mupira wa ndani wa kinga (baiskeli), nikazigundisha moja juu ya ingine na kole ya viatu, kisha nikawasha motere na kuteremusha gari juu ya papie ya msasa mpaka mipira ikawa duara. Inashika vizuri kuliko vile nilikuwa nawaza. Ukinunua sanduku kama hii, mipira ihesabu sawa haimo, na bei uiteremushe juu ya hiyo.

Bodi iligeuka manjano kidogo. Ni ile plastiki ya mwanzo, mbele ya Lexan, ile plastiki ya nguvu, kuenea, na inapasuka upesi, kata na makasi midogo pole pole, usiikunje. Rangi inapakwa ndani, kwa hiyo unaanza na vile vitu vidogo, namba na mistari, kisha rangi kubwa nyuma yake. Jaribia rangi kwanza ku kipande umekata, rangi zingine zinaitafuna na bodi ya miaka 60 hautaipata tena. Yangu ni nyekundu, ndani kuko dereva kichwa na mabega, mutoto wangu mukubwa njo alimupaka kofia.

Siku ya kuijaribu umeme ulikatika. Tukaleta batri ya moto (pikipiki) ya jirani, volti 12, na nikafurahi zaidi, juu nyumba mingi za Marekani za ule wakati zilikuwa zinatumia batri za gari, umeme wake hautetemeke. Barabara yetu ya Nguba ni ya triplex, metre 11, mufereji tulichonga na mashine ya fundi seremala. Kifinyio changu kiko na waya tatu, moja ya umeme kuingia, moja ya kwenda ku motere, na ya tatu ya freni: ukiachia, motere inafungwa yenyewe kwa yenyewe na inajizuia. Bila ile ya tatu Lola ingekuwa ilisha pasuka ku ukuta.

Gari yangu ya kisasa inamaliza ile barabara mu segonde 3.4. Lola mara ya kwanza 4.6, kisha nikaongeza kipande cha risasi nyuma ya kiongozi, gramu 8 tu, pua ikatulia, 4.1. Mu kona ya mwisho mukia unatoka kidogo, unasikia motere inapanda sauti mbele mipira ishike tena, na pale njo batoto banapiga kelele. Muzee nilimualika siku ya yenga. Alikuja na bajukuu babili, hakuomba kuendesha, alipiga magoti pembeni ya kona, akafunga macho, akasikiliza raundi nne tano, akasema: "Haitetemeke."

FT36D bado iko mu sanduku, inazunguka vizuri. Kama mutu iko na kiongozi cha zamani cha akiba ao kurone ya meno 32, tubadilishane, mimi niko Ibanda, kila yenga mangaribi tunawasha barabara.