Shokapu zimekufa? Zipi ununue, zipi uziache dukani

Kabla hujatoa hela hakikisha kwanza tatizo ni shokapu kweli (shock absorber, ile inayotuliza gari isiendelee kunesa). Wenye Toyota IST, Spacio, Premio na Noah wengi wanakimbilia maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, kununua shokapu kwa sababu gari inagonga ko-ko-ko kwenye barabara ya vumbi, wanafunga mpya na kelele inabaki palepale. Kugonga kwa aina hiyo mara nyingi ni linki za stabilaiza (vyuma vya kuzuia gari isilale kwenye kona), boljointi (viungo vya miguu ya gari) au maunti za juu (vishikizo vya juu vya shokapu), vitu vya bei ndogo kabisa, kwa hiyo mwambie fundi avitikise hivyo kwanza.

Shokapu iliyoisha utaijua zaidi kwenye mwendo. Ukivuka tuta gari inanesa juu chini mara mbili tatu ndio itulie, ukikanyaga breki pua inazama, ukikata kona inalala upande, na ukiwa highway upepo wa basi likikupita unaisukuma gari mpaka unashika usukani kwa mikono miwili. Pitisha kiganja kwenye uso wa tairi, ukikuta mabonde mabonde ujue tairi imekuwa ikirukaruka badala ya kukaa chini. Halafu chungulia kwenye shokapu yenyewe: unyevu kidogo sana karibu na sili (mpira unaozuia mafuta yasitoke) sio kesi, ila ikiwa imelowa mafuta mpaka chini na vumbi limegandia, hiyo imekwisha. Ile ya kubonyeza kona ya gari na kuachia, ikinesa zaidi ya mara moja ni mbovu, lakini isiponesa usishangilie, shokapu iliyochoka inaweza kufaulu hapo ikafeli barabarani. Na hii sio suala la starehe jamani, tairi ikiwa hewani haina breki, gari inachelewa kusimama na mbele yako kuna mtoto anavuka.

Sasa za kununua.

Namba moja kwangu ni KYB mpya, ile Kayaba ya Japani. Hao wanatengenezea viwanda vya magari vyenyewe, Toyota wakiwemo, kwa hiyo unapata kitu kinachokaribia kabisa ile iliyokuja na gari bila kulipa bei ya boksi la Toyota. Kwa gari ndogo ya familia chukua Excel-G, ina mafuta na gesi ya naitrojeni inayozuia mafuta yasitoe povu yakipata moto, na povu ndio linafanya shokapu ilegee ukiwa safari ndefu ya rafu. Shida ni feki, zipo nyingi. Linganisha namba ya kwenye boksi na iliyoko kwenye shokapu yenyewe, angalia maandishi na welding, na ukiibonyeza ya gesi ukaachia lazima fimbo ipande yenyewe taratibu. Bei ikiwa nusu ya duka la jirani, ondoka.

Namba mbili ni jenuini, yaani yenye boksi la Toyota wenyewe. Kwa ubora haina mpinzani, nimeishusha kwa sababu ya bei tu, ukiwa na uwezo chukua. Usiende dukani na jina la gari pekee, nenda na chesisi namba: za mbele kulia namba yake huanza na 48510, mbele kushoto 48520, nyuma mara nyingi 48530 au 48531. Muuzaji akikwambia kulia na kushoto za mbele ni moja tu, mara nyingi sio kweli, mabano ya breki na linki yanatofautiana.

Tatu Monroe, nazo ni nzuri tu kama umezikosa hizo za juu. Mwenye Land Cruiser au Hilux anayebeba mizigo na kulala porini huyo aangalie Old Man Emu za Australia, zimetengenezwa kwa kazi hiyo, ila kwenye gari ya kwenda kazini mjini ni kupoteza hela.

Nne, yuzidi, yaani zilizotumika, kutoka Japani. Nazipa nafasi juu ya mpya zisizo na jina, na najua wengine watabisha. Yuzidi unaweza kuipima: fimbo iwe inang'aa bila mkwaruzo wala kutu, sili kavu, ukiivuta na kuisukuma uzito uwe sawa mwanzo mpaka mwisho, ikiwa na sehemu inayoteleza bure iache. Za boksi jeupe mpyaa za bei chee ndio namba tano, nyingi zinaanza kuvuja mapema.

Ya mwisho kabisa, na naomba usiifanye, ni kujaza. Fundi anatoboa shokapu, anatia mafuta anayojua yeye, anachomelea. Vali za ndani na sili zimeshalika, mafuta mapya hayazirudishi.

Ukishanunua, badilisha kwa jozi, zote mbili za mbele au zote mbili za nyuma. Ongeza maunti, mpira wa kugongea na kava la vumbi kama vimechoka, maana leba ni ileile. Za mbele zina springi iliyobanwa kwa nguvu ya kuua mtu, fundi asiye na kifaa cha kubania springi anayetumia kamba au waya, chukua gari yako uondoke. Asishike fimbo kwa plaizi pia, mkwaruzo mmoja unachana sili. Bolti zenye bushi (mipira ya kwenye viungio) zikazwe mwisho gari ikiwa imekanyaga chini, sio ikining'inia kwenye jeki. Halafu siku hiyohiyo peleka alaimenti (kunyoosha magurudumu), kabla tairi hazijaanza kuliwa upande.