Canon EF 50mm f/1.8 STM mbele ya kigari cha Matchbox na kamusi kuukuu

Habari zenu, watazamaji, na karibuni. Lenzi mnayoiona hapa mezani ni Canon EF 50mm f/1.8 STM, iliyotoka mwaka 2015, na bila shaka wengi wenu mmeisikia ikisifiwa kwa picha za watu. Leo hakuna mtu mbele yake. Kwa miezi mitatu nimeitumia kupiga picha za vitu viwili tu, yaani kigari cha kuchezea cha Matchbox cha kijani, Land Rover, nilichoachiwa na mjomba, na kamusi kuukuu ambayo jalada lake la kitambaa limeanza kufumuka.

Nianze na kitabu, kwani huko lenzi haikunisumbua. Kamera yangu ni ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), ya ukubwa uitwao APS-C, hivyo lenzi ya milimita 50 inakata picha kama ya 80, yaani inaonyesha eneo dogo zaidi, na kingo za kitabu hubaki zimenyooka, tofauti na simu ambayo ukiisogeza karibu hukivimbisha kitabu upande mmoja. Nilikiweka kando ya dirisha asubuhi, mwanga ukakipiga ubavuni. Tazameni mgongo wake: kila uzi uliochomoza una kivuli chake, na madoa ya kahawia kwenye kurasa, ambayo sisi wa pwani tunayafahamu mno kwa sababu ya unyevunyevu, yanahesabika. Nilipopiga kwa f/1.8, yaani tundu la kupitishia mwanga likiwa wazi kabisa, herufi ya kwanza ya jina la kitabu ilikuwa kali ilhali ya mwisho imefifia kabisa, basi nikafunga tundu hadi f/8, ambayo ni ndogo zaidi. Hapo mwanga ulipungua, kamera ikahitaji robo sekunde nzima kupiga picha, na kwa kuwa lenzi hii haina kitu cha kutuliza mtikisiko, sikuwa na budi kutumia stendi.

Kigari ndicho kilichonitoa jasho. Kampuni ya Lesney ya London ilianza kuuza magari haya mwaka 1953, kila kimoja ndani ya kiboksi kilichofanana na cha kiberiti, na hiki changu nimekipima kwa rula nikapata sentimita 5 na nusu. Lenzi hii haikaribii kitu zaidi ya sentimita 35, zikihesabiwa kutoka kwenye sensa, na hata ukifika hapo kigari kinachukua nusu tu ya upana wa picha. Nilichotaka ni maandishi yaliyo chini ya tumbo lake, "Made in England by Lesney", pamoja na rangi iliyobanduka kwenye kona za boneti ikaacha chuma kitupu. Vyote viwili vilikuwa vidogo mno.

Dawa yake ni pete ya kurefusha lenzi, ambayo ni duara tupu lisilo na kioo, linalowekwa kati ya lenzi na kamera. Pete ya milimita 12 ilitosha: kigari kilijaa picha nzima, hata ikanibidi nirudi nyuma kidogo. Hapa nilifanya kosa ambalo ningependa liwaepuke. Muuzaji wa kwanza aliniuzia pete isiyo na viunganishi vya umeme, na tundu la lenzi hii huendeshwa na kamera, kwa hiyo lilibaki wazi kwenye f/1.8, taa moja ya kigari ilikuwa kali, na ya pili, iliyo pembeni yake tu, ilikuwa ukungu. Nunueni yenye viunganishi, hata kama bei yake imepanda.

Lawama yangu nyingine ni pete iliyo kwenye lenzi yenyewe ya kurekebishia fokasi, yaani ukali wa picha, kwa mkono, ambayo ni nyembamba na haifanyi kazi yoyote kamera ikiwa imezimwa. Nimeacha kuigusa, naisogeza kamera yenyewe mbele na nyuma, milimita kwa milimita, juu ya kitabu kingine kinachoteleza mezani.

Ikiwa vya kwenu ni magari ya waya tuliyojitengenezea utotoni, yenye urefu wa mkono mzima, hiyo pete ya milimita 12 achaneni nayo. Lenzi peke yake inayatosha.