Kliniki ya meno mjini: hakuniambia hata nifungue mdomo

Kung'oa kwenyewe sina neno. Daktari kijana, mkono mwepesi, ganzi ikashika vizuri, gego la mwisho la chini likatoka vipande vipande bila mimi kusikia kitu. Ningeandika siku ile ningewamwagia sifa.

Najua pakishang'olewa jino patauma. Hata mgando wa damu ukitoka kidondani na mfupa ukabaki wazi, maumivu makali huanza siku ya pili hadi ya nne, wanakusafisha, wanakuwekea dawa, yanatulia. Yangu yalitulia, kisha wiki kadhaa baadaye yakarudi kwa fujo. Taya likavimba, kijiko cha uji hakipiti, na mdomo wa chini upande ule ukafa ganzi. Ganzi, na sindano iliisha kitambo!

Nikarudi. Yule kijana hayupo. Mkubwa wake alisimama mlangoni, glavu ameshika tu mkononi, akaniambia, "Mama, hiyo ni kawaida. Endelea na Brufen." Nikamwambia mdomo hauna hisia kabisa. Akamgeukia dada wa mapokezi: "Huyu ameshalipa pesa ya kuona daktari?" Nikalipa kwa M-Pesa palepale, simu ikalia mbele yake, na bado hakunitazama kinywani.

Nikaenda Upper Hill, Nairobi, ambako daktari bingwa wa upasuaji wa taya aliminya ufizi kwa kidole kimoja, usaha ukachuruzika. Osteomaielaitisi: maambukizi yameingia ndani ya mfupa. Akaniambia ni nadra, na taya la chini ndilo huumia zaidi kwa kuwa halipati damu nyingi kama la juu. Ule ufu wa mdomo ni dalili ya kutiliwa maanani. Eksirei ya mapema nayo yaweza kuonekana safi, maana mfupa hupoteza madini mengi kabla picha haijaonyesha chochote.

Basi labda nawaonea. Labda hata wangepiga picha wasingeona kitu. Hilo nawapa.

Lakini usaha ulitoka kwa kidole! Kidole tu! Mimi nimemeza antibiotiki wiki baada ya wiki, nimepasuliwa kutolewa mfupa uliokufa, na kidevu hadi leo sikisikii vizuri, chai ikinidondoka naambiwa na watoto. Nilikuwa nimeweka nyota tatu kwa ajili ya yule kijana. Nimezifuta, nimeacha moja. Yeye akifungua kliniki yake nitampelekea hata wanangu. Pale sirudi.