Mdiria na kipepeo morpho: buluu ipi kali zaidi?

Haya watazamaji wangu, karibuni tena! Leo mezani nina buluu mbili: unyoya wa mgongoni mwa mdiria, yule wa Ulaya na Asia, na bawa la kipepeo morpho wa misitu ya Amerika ya Kati na Kusini. Ukubwa, uzito, chakula, hayo mnayajua, tunayaruka. Mimi nataka rangi, maana nimechoshwa na wanaosema hii ni poda ya buluu tu. Humu hamna hata chembe ya poda ya buluu, si kwa huyu wala kwa yule!

Tazameni. Bawa la morpho, nalidondoshea spiriti, tone moja... mmeona? Kijani! Buluu imepotea. Kila kigamba cha bawa kina matuta madogo mno yenye matabaka ya kitini, ile dutu ngumu ya maganda ya wadudu, yanayopishana na hewa, na mpangilio huo ndio unaorudisha mwanga wa buluu. Spiriti imekaa mahali pa hewa, basi unaorudi ni wa kijani. Msiondoke, inakauka... anzieni pale ukingoni... hiyooo, buluu ileile! Jamani, napenda hii kupita kiasi. Maji hayawezi, yanateleza tu.

Mnaoniuliza bei ya bawa: kabla ya bei, ulizeni kama kipepeo alifugwa. Costa Rica wanawafuga, hakuna haja ya kuwamaliza porini.

Sasa unyoya. Namulika kwa mbele, buluu. Taa nyuma yake, hudhurungi! Ndani mna keratini, dutu ileile ya kucha zetu, yenye matundu kama sifongo inayotawanya buluu, na melanini, ile rangi ya giza ya asili, inameza mwanga uliobaki. Ile rangi ya chungwa ya kifuani ndiyo yenye chembe za rangi kweli.

Timu tausi, nawasoma, yenu ni video ijayo, jiandikisheni isiwapite.

Kwa mng'ao, moyo wangu ulikuwa kwa morpho. Lakini oneni kidole changu: vumbi hili ni vigamba, na vikishatoka havioti tena. Halafu akifunga mabawa, chini ni kahawia tupu. Mdiria huota manyoya mapya kila mwaka, na buluu yake haizimiki ukigeuza shingo. Na sijagusa hata mdomo, uliowapa wahandisi wa Japani umbo la pua ya treni ya kasi ya Shinkansen 500, mwaka 1997. Mwenzenu nimehamia kwa mdiria. Nyie je? Andikeni hapo chini.