Sergeant Rutledge kwenye diski: niliinunua kwa ajili ya Woody Strode

Nyota nne. Diski niliinunua ikiwa imeshatumika. Ilinifikia kasha limepasuka, na kuna mahali picha inakwama mpaka uisogeze mbele. Muuzaji alinihakikishia haina mkwaruzo hata mmoja, kwa hiyo nyota ya tano namnyima yeye. Filamu yenyewe haina kosa.

Mwigizaji Strode nilimwona kwanza katika filamu ya Spartacus ya mwaka 1960. Ndiye Draba, mtumwa anayepiganishwa na Kirk Douglas kwa wavu na mkuki wa ncha tatu, mabwana wa Kirumi wakitazama kutoka juu. Anashinda, anaamriwa aue, anakataa. Mkuki anawarushia wale mabwana, kisha anawapandia, na hapo ndipo anapouawa. Dakika chache tu, maneno ya kuhesabu, lakini uasi wote unaofuata unaanzia kwenye maiti yake. Oscar ya mwigizaji msaidizi ilikwenda kwa Peter Ustinov, wa picha hiyohiyo. Strode aliishia kupendekezwa kwa Golden Globe.

Sergeant Rutledge ni ya mwaka huohuo, ya John Ford, na humu Strode ndiye steringi hasa: sajini katika kikosi cha 9 cha wapanda farasi, askari weusi wa Marekani, anayeshtakiwa kwa kumbaka na kumuua binti wa mkuu wake. Lakini jina lake liliandikwa chini ya Jeffrey Hunter na Constance Towers. Hilo linaniuma kila nikiliangalia kasha.

Mwili ule haukutengenezwa na Hollywood. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1914, akacheza mpira wa Kimarekani chuoni UCLA pamoja na Kenny Washington na Jackie Robinson. Mwaka 1946 yeye na Washington waliingia Los Angeles Rams, wakavunja mwiko wa ligi ya NFL uliowafungia nje wachezaji weusi zaidi ya miaka kumi. Yeye alikuwa na miaka 32 na aliachwa baada ya msimu mmoja tu. Akaenda Kanada, na mwaka 1948 akatwaa Grey Cup, kombe la mpira huo la Kanada, na timu ya Calgary Stampeders. Mieleka pia alipigana. Ndiyo maana humu, anapouvuka mto Pecos juu ya farasi, huoni mwigizaji anayejifanya shujaa. Alivuka mwenyewe, na baadaye alisema kwa fahari kwamba siku ile aliwavusha watu weusi wote.

Baada ya hapo alirudishwa pembeni: Pompey, kibarua wa John Wayne katika The Man Who Shot Liberty Valance, mwaka 1962, na mwaka 1968, kwenye picha ya kaboi ya Sergio Leone, anasimama kituoni matone ya maji yakimdondokea kofiani, asiseme neno, na anauawa kabla kisa hakijaanza. Aliigiza hadi alipofariki Desemba 31, 1994.

Ukiipata diski hii, tulia pale anapohojiwa kizimbani kwa nini alirudi kikosini ilhali angeweza kutoroka. Anaanza kujibu kama askari, wima, kisha sauti inamkatika na machozi yanamtoka. Sehemu hiyo, namshukuru Mungu, haikwami.