Matoazi ya mkono kutoka Istanbul: uzoefu wangu hotelini, kanisani na kwenye dansi

Kwa wasio na muda wa kusoma yote kuhusu matoazi haya ya dramu, yanayogongwa kwa nyundo ya mkono: haihati (jozi inayofungwa kwa mguu) nunueni hata kesho. Raidi (toazi kubwa la kushikia mwendo) nunueni kama bendi yenu inajua kupiga kwa sauti ya chini. Kreshi (toazi la kupiga kwa mshindo) iliyo nyembamba, kwa kanisa lenye vijana wa nguvu, acheni kwanza. Wenye muda tuendelee.

Mimi napiga dramu Dar es Salaam. Jioni za katikati ya wiki niko hotelini na kikundi kidogo cha gita, besi na kinanda, tunapiga jazi na nyimbo za zamani wakati watu wanakula. Jumapili niko kanisani. Mara mojamoja bendi ya dansi ikikosa mpigaji, wananipigia simu. Miaka yote hiyo nimetumia matoazi ya bei ya kati, yale ya aloi (mchanganyiko wa metali) wanayoiita B8, yaani asilimia 92 shaba na 8 bati. Si mabaya. Yanang'aa, yanasikika, na ukivunja moja unaweza kununua lingine linalolia vilevile. Shida yangu ilikuwa hotelini: nikipiga raidi kwa upole inatoa "ting" tupu isiyo na kitu nyuma yake, na nikiongeza nguvu kidogo tu, meneja wa mgahawa ananiangalia.

Dada yangu hufuata nguo Laleli, mtaa wa maduka ya nguo Istanbul. Watu wa Kariakoo hawahitaji kuelezwa Laleli ni wapi. Safari hiyo nikaomba nimsindikize, naye akakubali kwa sharti kwamba nibebe mizigo. Ukitoka Laleli unapanda tramu ya T1, unavuka ghuba ya Pembe ya Dhahabu juu ya daraja la Galata, unashuka Karaköy. Pale kuna Tünel, kile kitreni cha kupanda mlima kilichoanza kazi mwaka 1875. Ukitoka juu, hatua chache tu unaingia mtaa wa Galip Dede, unaoteremka kuelekea mnara wa Galata. Mtaa mzima ni ala za muziki: saz, udi, darbuka, na kila baada ya maduka kadhaa, matoazi yametundikwa ukutani kuanzia sakafuni hadi darini.

Nilienda na vijiti vyangu mwenyewe, 7A vyembamba, vilevile ninavyotumia kazini. Hilo nawashauri wote. Ukijaribu toazi kwa kijiti cha dukani, unasikia kijiti cha dukani.

Muuzaji akanitundikia raidi mbili za inchi 22. Karakana moja, mfululizo mmoja, maandishi yaleyale kwa wino uleule. Akaziweka kwenye mizani: moja ilizidi nyingine karibu gramu 200. Ile nzito ilikuwa na "ting" kavu, safi, na kengele yake, kile kinundu cha katikati, ililia kwa ukali. Ile nyepesi ilianza na mguso wa kijiti ulio laini, kisha chini yake mvumo mpana ukawa unapanda polepole na kukaa palepale bila kufunika mguso unaofuata. Ningefumba macho ningeapa ni za viwanda viwili tofauti.

Kisha nikafanya jambo ambalo huwa nalifanya na dramu yoyote kabla ya kutoa hela. Nikampa dada vijiti, nikaenda kusimama mlangoni. Anayepiga husikia toazi kutoka nusu mita, hadhira husikia kutoka mbali, na hizo ni sauti mbili tofauti. Dada hana habari na muziki. Alipiga kama anagonga mlango wa mdaiwa. Hata hivyo kutoka mlangoni nilisikia ile nyepesi bado ina umbo, wakati ile nzito imebaki ncha tu. Nikachukua nyepesi.

Najua mtaniuliza ni ya karakana gani. Ya raidi sitaitaja, tena makusudi. Nikitaja, mtu ataagiza jina hilo na ukubwa huo, ataletewa ile nzito iliyokuwa pembeni, kisha atarudi kunilaumu. Katika matoazi ya mkono unanunua sahani moja uliyoisikia. Nembo hukwambia ilipikwa na nani, basi.

Tofauti hiyo inatokana na jinsi yanavyotengenezwa, na ukishaelewa kazi yenyewe huwezi kulalamika. Aloi yake ni B20: shaba asilimia 80 kwa hesabu ya jumla, bati 20, na wengine husema kuna chembe ya fedha. Bati likiwa jingi kiasi hicho, aloi inavunjika kirahisi mno. Donge lililomiminwa huwezi kuligonga likiwa baridi, litapasuka. Kwa hiyo linatiwa tanuruni, linapitishwa kwenye mashine ya kusukumia, linarudishwa tanuruni, linapitishwa tena kwa upande mwingine, hivyohivyo mpaka liwe sahani nyembamba. Kengele inabonyezwa katikati. Halafu sahani ikiwa nyekundu kwa moto inachovywa kwenye maji. Hapo ndipo penye ajabu: chuma cha pua ukikichovya kinakuwa kigumu, lakini aloi hii ikichovywa inalainika na kukubali nyundo.

Baada ya hapo mtu anakaa na nyundo. Pigo baada ya pigo sahani inapata mgongo, inakazika, na kila kishimo cha nyundo kinabadilisha namna mtikisiko unavyosafiri. Kisha mkerezaji anaifunga kwenye mashine inayozunguka na kuikereza kwa patasi ya mkono. Vumbi la njano linaruka, na ile mistari ya duara inajitokeza. Akikandamiza zaidi kidogo, sahani inakuwa nyembamba zaidi na sauti inashuka. Sasa niambieni, sahani mbili zitafananaje? Kwenye ile yangu kuna sehemu karibu na ukingo ambapo mashimo ya nyundo yamebanana, kama sentimita tano hivi. Nikipiga pale sauti ni nyeusi kidogo, yaani nzito na isiyo kali, kuliko upande wa pili. Hotelini nimezoea kuizungusha kwenye stendi ili sehemu hiyo inielekee.

Niguse historia kidogo, maana inawasaidia wanaochanganyikiwa na majina. Familia ya Zildjian, watengeneza matoazi, ni Waarmenia wa Istanbul, na kampuni yao huhesabu kuanzia mwaka 1623, enzi ambazo masultani walikuwa na bendi za kijeshi, mehter. Tawi moja lilihamia Marekani, na Avedis Zildjian wa Tatu akaanzisha kiwanda Massachusetts mwaka 1929. Lakini chapa ya K iliendelea kutengenezwa Istanbul kwa miongo mingine, na hizo ndizo wapiga jazi wanazozisaka mpaka leo. Elvin Jones na Tony Williams, wapiga dramu mashuhuri wa jazi, walizipiga. Kiwanda hicho kilipofungwa miaka ya 1970, mafundi waliokulia humo hawakutupa nyundo. Mehmet Tamdeğer na Agop Tomurcuk walianzisha chapa ya Istanbul mwaka 1980. Agop alifariki mwaka 1996, na kampuni ikagawanyika: Istanbul Agop ikabaki na familia yake, Istanbul Mehmet ikaenda na mwenzake. Ndiyo maana leo kuna "Istanbul" mbili, na ukikutana na toazi la zamani lenye sahihi zote mbili, ya Agop na ya Mehmet, hilo ni la kabla ya mgawanyiko. Bosphorus nayo ilianza mwaka huohuo wa 1996. Hata Meinl wa Ujerumani hutengenezea mfululizo wake wa Byzance Uturuki. Kwa hiyo anayewaambia kuna chapa moja tu ya kweli ana mzigo wa kuuza.

Turudi kazini.

Hotelini raidi hii imenibadilishia kazi. Naweza kupiga kwa uzito wa kijiti peke yake na bado mpiga besi ananisikia. Nikilaza shingo ya kijiti ukingoni inafunguka kama kreshi kisha inanyamaza haraka, kwa hiyo nyimbo za taratibu siku hizi naenda na raidi, haihati, snea na besi dramu tu. Stendi za kreshi nimeziacha nyumbani. Mpiga kinanda wetu, ambaye hajawahi kunisifia kwa lolote, aliniuliza nimeweka kitambaa kwenye nini.

Haihati ni Istanbul Mehmet, inchi 14, mfululizo wa Traditional, nayo naitaja kwa raha. Ya chini ni nzito kuliko ya juu, na ukizifunga kwa mguu zinatoa "chik" fupi, iliyoshiba. Ukizilegeza kidogo zinachanganyika bila kupiga kelele za sufuria. Hizi zimefanya kazi kila mahali: hotelini, kanisani, kwenye dansi. Fundi mitambo wetu kanisani amepunguza maiki ya haihati mpaka karibu na sifuri na bado inasikika, lakini haimuumizi mama anayekaa safu ya mbele karibu na spika.

Kwenye dansi ndipo raidi ilipokutana na wakubwa. Wimbo ukiwa kwenye mashairi, mambo mazuri. Ukifika kwenye chemko, magita matatu yameshika moto, solo anapanda juu, tarumbeta zinajibu, na marapa wanaita majina ya wafadhili, raidi yenye sauti nyeusi ya gramu 2,200 na kitu inamezwa yote. Nilipiga kengele kwa nguvu, ikatoa mvumo mwingi kuliko mlio. Kwa muziki ule unataka sahani nzito, kengele kubwa, mlio unaokata. Ile raidi niliyoiacha Galip Dede ingefaa zaidi, na hata ile B8 yangu ya zamani inafaa zaidi. Nikiitwa na dansi siku hizi naenda na haihati ya Mturuki na raidi ya zamani, na hakuna aliyelalamika.

Kanisani mambo ni nusu kwa nusu. Ibada ya kwanza, watu wazima, raidi inapendeza mno kwenye nyimbo za kuabudu. Ibada ya vijana siipeleki. Mpigaji mwenzetu alinunua kreshi ya mkono ya inchi 16, nyembamba kabisa, kutoka karakana nyingine ndogo, akaitundika na nati imekazwa mpaka mwisho, na vijana wakaipiga mkesha mzima kwa vijiti vinene vya 2B. Ikapata ufa ukingoni wa urefu wa ukucha, na ufa wa toazi hautulii, unatembea. Fundi wa kukereza vyuma akausaga ule ukingo na kuliokoa, ila sauti imebaki ya bati. Toazi jembamba linataka kucheza kwenye stendi. Nati ilegee, felti (vipande vya kitambaa kizito) ziwepo juu na chini, na mpira wa plastiki upite kwenye tundu ili chuma cha stendi kisile chuma cha toazi. Na mkono upite juu ya toazi; usilichome kama unaua nyoka.

Hewa ya bahari inayageuza rangi haraka. Ndani ya msimu mmoja raidi yangu ilikuwa ya kahawia na alama za vidole vya kila aliyeigusa. Wengine huyasugua kwa dawa ya kung'arishia shaba; mimi nafuta kwa kitambaa kikavu baada ya kazi na kuacha rangi ijiendee. Dawa hizo hufuta maandishi, na kwa anayetaka kuuza baadaye, maandishi ni hela.

Bei. Raidi ya mkono ya ukubwa huu ni dola mia kadhaa, hata kule kule. Kwa mwanamuziki wa hapa hiyo ni pesa ya pikipiki iliyotumika, na sitamwambia mtu anayejifunza aikope. Kama una bajeti ya kitu kimoja, anza na haihati, maana ndiyo unayoigusa kila sekunde ya kila wimbo. Raidi itafuata. Kreshi iwe ya mwisho kabisa.

Usafirishaji ufikirieni mapema. Inchi 22 ni sentimita 56 hivi, haikai vizuri kwenye begi la mkononi la kawaida. Mimi nililaza raidi katikati ya sanduku, suruali za jinzi za dada juu na chini, haihati zimefungwa kwenye fulana kila moja peke yake ili zisisagane. Zilifika salama. Risiti niliiweka mfukoni kwa ajili ya watu wa ushuru, na waliiomba.

Wasioweza kusafiri, kuna maduka ya nje yanayorekodi kila sahani peke yake na kuandika gramu zake. Nunueni huko, mkisikiliza kwa spika nzuri na si simu, na kabla ya kulipa andikeni kabisa kwamba mnataka sahani ileile iliyo kwenye video, yenye uzito uleule. Duka likijibu kwamba zote ni sawa, tafuteni duka lingine.

Mwakani dada anarudi Laleli. Nimeshamwambia nabeba mizigo tena, na safari hii natafuta kreshi ya inchi 18, nzito kidogo, ya ibada ya vijana.